Mafunzo Saba ya Namba Tano

Nilicheza beki wa kati kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa muda wa kutosha kuona mengi yakibadilika. Nilianza chama cha mpira kikiitwa FAT, nikawepo kilipogeuka TFF mwaka 2004. Nilipambana kwenye uwanja wa zamani wa Taifa, ambao leo ni Uhuru, kisha nikahamia jirani yake kwenye uwanja mpya wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007 na sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Nyota sikuwahi kuwa. Wapo mabeki wa enzi zangu ambao majina yao hayahitaji maelezo, akina Boniface Pawasa na Nadir Haroub 'Cannavaro'. Mimi nilikuwa yule ambaye mtangazaji wa redio alimtaja akishaharibu.

Siku hizi nafundisha vijana, na najua wewe unayesoma hapa unataka kufika mbali kuliko nilikofika. Vizuri. Basi chukua haya saba bure, maana mimi niliyalipia.

1. Angalia kaptula yako baada ya mechi

Mashabiki walinibatiza jina la Greda, nami nikalipenda. Kila mechi nilikuwa nateleza chini, nachota mpira na nyasi, na mara nyingine na mtu mwenyewe, jukwaa linalipuka. Nikaamini hicho ndicho kipaji.

Siku moja ya masika tulicheza Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, umelowa chepechepe, tukashinda bao moja bila. Nilitoka na tope kuanzia soksi hadi shingoni, nikingoja pongezi. Mwalimu akaniita mimi na namba nne, beki mwenzangu, mtu mzima ambaye mbio zake zilikuwa za kuwahi sokoni tu. Akatusimamisha mbele ya wenzetu. Kaptula zetu siku ile zilikuwa nyeupe. Ya mwenzangu ilikuwa na madoa mawili matatu. Yangu usingejua imenunuliwa ikiwa rangi gani.

"Haya, nani amecheza vizuri?" akauliza. Nikataka kunyoosha mkono. "Huyu amekata mipira mingi kukuzidi, na hajaanguka. Wewe kila mara umefika mpira umeshaondoka."

Usiku ule nilizirudia kichwani zile teleza zangu, moja baada ya nyingine, nikashangaa. Karibu zote nilikuwa nafuta kosa nililolifanya muda mfupi kabla: nimesimama mbali na mtu wangu, au nimekodolea mpira macho nikamsahau anayechomoka nyuma. Jukwaa lilikuwa linashangilia nikifuta; kosa lenyewe hawakuliona, na mimi sikuliona.

Kwa hiyo jifunze kusimama. Geuza bega nusu ili mpira na mtu wako uwaone kwa pamoja. Straika akikujia na mpira, usimrukie; rudi taratibu, msukumie pembeni, ngoja auguse mpira mrefu kidogo ndipo uingie. Macho yabaki kwenye mpira, kwa sababu mabega na miguu yake vinasema uongo. Kuteleza iwe njia ya mwisho, maana ukiteleza ukakosa, timu inabaki na watu kumi mpaka uinuke.

Mtaani wananiita Greda mpaka leo. Sijapata moyo wa kuwaeleza.

2. Uwanjani hakuna shikamoo

Nimelelewa kuheshimu wakubwa. Nilipopandishwa timu ya kwanza nilikuwa mdogo kuliko wote, nikakaa kiti cha nyuma kwenye basi na kuwanawisha wenzangu mikono wakati wa chakula bila kuagizwa. Hayo hayana ubaya. Ubaya ni kwamba adabu ile niliingia nayo hadi ndani ya boksi.

Winga wa wapinzani alianza kuchomoka nyuma ya beki tatu wetu, kaka aliyenizidi umri kwa mbali. Nilimwona mapema kabisa. Nikasema, na nakumbuka neno kwa neno, "Kaka, samahani, hapo nyuma yako kuna..." Krosi ikapigwa, kichwa, bao.

Kipa alinijia ametoa macho. "Ulikuwa unamwomba ruhusa? Humu ndani hakuna shikamoo! Mechi ikiisha ndiyo umwamkie!" Beki tatu mwenyewe aliniweka sawa kwenye basi: "Dogo, nitukane ukitaka, ila niambie mapema."

Beki wa kati anaona uwanja wote mbele yake, kwa hiyo ana deni la kuwaambia wasioona. Tanguliza jina, halafu neno moja: "Mtu!" "Toka!" "Mwache!" "Panda!" Sema la kufanya, na ulitoe kabla mpira haujapigwa. Kelele za kulaumiana baada ya bao hazimkabi mtu yeyote. Na kuna faida ambayo sikuitegemea: ukizungumza dakika zote tisini, akili haipati nafasi ya kutangatanga. Nilidhani nawaamsha wenzangu, kumbe wa kwanza kuamka nilikuwa mimi.

3. Mbeya mpira haudondoki pale unapoungojea

Ligi yetu ni ya safari. Wiki hii uko Mkwakwani, Tanga, unatokwa jasho kabla hujapasha misuli. Wiki ijayo uko Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam na mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi. Mpira ukibutuliwa unakwenda mbali zaidi na unapinda kidogo kuliko unavyopinda Pwani.

Hilo nililifahamu nikiwa hewani. Mara yangu ya kwanza Uwanja wa Sokoine, kipa wao alibutua, nikaupigia mpira hesabu za Morogoro, nikaruka vizuri sana. Mpiga picha angefurahi. Mpira ukapita juu ya kichwa changu, straika akabaki na kipa wetu, na tukaokolewa na mwamba.

Namba nne hakuwa ameruka. Alikuwa ameshaanza kurudi nyuma tangu kipa yule anaweka mpira chini, na lile shuti lililogonga mwamba likarudi miguuni kwake. Baadaye nilimuuliza alijuaje. Kumbe asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, alikwenda na kipa wa akiba akamwomba ampigie mipira mirefu. Hakuicheza. Aliangalia tu inadondokea wapi. Muda huo mimi nilikuwa nimetorokea Mwanjelwa kutafuta jaketi la mtumba, maana baridi ilikuwa imenishinda.

Tangu siku ile niliutembea kila uwanja kabla ya mechi. Fanya hivyo nawe. Tafuta kipara mbele ya goli, mahali mpira unaporuka vibaya. Tazama jua la saa kumi jioni litampiga nani machoni kipindi cha pili, na upepo unatoka wapi. Kaitaba kule Bukoba siku hizi ni nyasi bandia, mpira unakimbia haraka, na ukiteleza chini unaacha ngozi ya paja. Wenyeji wanayajua hayo yote. Usikubali kuyajifunza kwao wakati mechi imeshaanza.

4. Soma sheria za mchezo unaokulisha

Tulikuwa na mtego wetu wa kuotea na tulijivunia. Mstari unapanda kwa pamoja, mikono inapanda, kibendera kinapanda. Siku moja wapinzani walipata mpira wa kurusha karibu na kona yetu. Straika wao alikuwa peke yake nyuma yetu, ameotea wazi. Nikasimama, mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Akafunga. Nikamkimbilia mwamuzi kubisha, nikalimwa njano.

Wakati wa mapumziko yule mshika kibendera alinipita karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Akasema kwa upole, bila kusimama: "Mpira wa kurusha hauna kuotea, kijana. Wala kona. Wala ule wa kuanzishwa golini."

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa, na sikuwahi kusoma sheria hata ukurasa mmoja. Nilizijua kwa kusikia, tangu mchangani, na nilikuja kugundua kwamba wengi wetu tulikuwa hivyo. Tulibishana na waamuzi kwa sauti kubwa kuhusu kitabu ambacho hakuna aliyekifungua.

Wewe kifungue, kwa sababu sheria hubadilika na nyingi humgusa beki. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliopigiwa makusudi na mwenzake kwa mguu, na mabeki tukalazimika kujifunza kucheza na mpira. Tangu 2016, ukimnyima mtu nafasi ya wazi ya kufunga ndani ya boksi huku umejaribu kweli kuucheza mpira, penalti itapigwa lakini wewe utapata njano badala ya nyekundu. Ukimvuta jezi au kumsukuma, nyekundu iko palepale. Tangu 2019 beki anaweza kupokea mpira wa kuanzishwa akiwa ndani ya boksi lake, na timu nyingi sasa hujengea mashambulizi hapo. Beki anayeyajua haya anajua lini ajaribu na lini aache mkono wake nyumbani.

5. Bao moja lisizae la pili

Tarehe 20 Oktoba 2013 nilikuwa jukwaani, Yanga na Simba. Hadi mapumziko Yanga walikuwa mbele kwa mabao matatu bila. Jirani yangu, Simba wa damu, alikuwa ameshaniaga. Mechi iliisha 3-3.

Watu wamesimulia mechi ile kwa namna nyingi, na sitaki kumnyooshea kidole mtu yeyote. Ila mimi nilipoliona bao la kwanza la Simba likiingia, mwili wangu ulishtuka kabla ya akili, kwa sababu hali ile niliijua. Ubao unasema bado una mawili mkononi, lakini ukiwa pale ndani unahisi umeshapoteza.

Niliijua kwa kuwa niliwahi kujifunga. Krosi ya kawaida, mguu wa kushoto, wavuni. Nikataka kulifuta bao lile pale pale. Shambulizi lililofuata nikamrukia mtu ambaye hakuwa hata wangu, ndani ya boksi. Penalti, bao la pili. Ningekuwa nimesimama tu, nimeduwaa, timu ingekuwa salama zaidi.

Namba nne alikuwa na tabia moja niliyoidharau mwanzoni. Tukifungwa, anaingia mwenyewe wavuni, anautoa mpira, anatembea nao kwapani hadi katikati. Njiani anampitia kila mmoja wetu na kumtajia mtu wake wa kukaba, kana kwamba mechi ndiyo inaanza. Hakusema "tulieni", neno ambalo halijawahi kumtuliza mtu. Alimpa kila mmoja kazi ndogo ya kufanya.

Dakika tano baada ya kuharibu ni za mambo mepesi: pasi kwa aliye karibu, mpira wa hatari utoke nje ya uwanja, mstari unyooke. Ushujaa uuache. Kosa lako wenzako wanaweza kulibeba. Haraka yako ya kujisafisha ndiyo itakayowamaliza.

6. Kaba mkataba kabla hujasaini

Klabu sitaitaja. Nilisaini usiku, juu ya boneti ya gari, taa ya simu ikiwa tochi. Dau la usajili lilikuwa kwenye bahasha, nami tangu tuanze kuzungumza macho yangu hayakutoka kwenye bahasha ile. Kurasa zilikuwa za Kiingereza. Nikauliza, "Hapa panasemaje?" Nikajibiwa, "Ya kawaida hayo, mdogo wangu. Tutamalizana." Nakala sikupewa, na sikuomba.

Nilipoumia, mshahara ukasimama. Nikaenda kudai, nikaulizwa mkataba wangu unasemaje, nikakosa jibu. Mimi niliyejisifu kwamba straika hapati nafasi ya kugeuka mbele yangu, nilikuwa nimeyaacha maisha yangu wazi kwa mtu niliyefahamiana naye jioni ileile.

Leo una silaha ambazo sisi hatukuwa nazo. Kanuni za FIFA zinaweka ukomo wa mkataba kuwa miaka mitano, na mitatu kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Tangu 2018 zinasema pia kwamba klabu ikikunyima isivyo halali mishahara ya miezi miwili, unaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 15 ilipe, na isipolipa una sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Angalia neno "maandishi". Malalamiko ya mdomo kwa meneja wa timu, hata ukiyatoa kila asubuhi, hayahesabiki.

Kabla ya kuuliza bei, uliza haya manne: Mshahara unaingia tarehe ngapi? Nikiumia nikiwa kazini, nani analipa hospitali na kwa muda gani? Mchango wangu wa NSSF unapelekwa? Kwa sheria ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Na la mwisho, mkiniacha katikati ya msimu mtanilipa nini? Omba siku mbili ukamwonyeshe wakili au mtu wa SPUTANZA, chama cha wachezaji. Anayekuhitaji kweli atakungoja siku mbili. Anayekataa amekupa jibu.

7. Mwili ulipie mapema, ukulipe uzeeni

Kuna kijana aliyekuwa anasugua benchi akiisubiri nafasi yangu, na nilimwogopa kuliko straika yeyote. Nyama za paja zilipoanza kunivuta, sikumwambia daktari. Nilifunga bandeji chini ya kaptula, nikatabasamu mazoezini, nikasema niko fiti. Mechi ya pili tu, katika kumkimbiza winga, nikasikia kitu kimekatika nyuma ya paja. Yule kijana akacheza mechi zote zilizobaki za msimu, na kwa kweli alicheza vizuri. Ningempisha mwanzoni angecheza mbili tatu tu.

Niliporudi, mbio zangu zilikuwa zimepungua na hazikurudi tena. Hapo ndipo niliposhangaa kuliko wakati wowote wa maisha yangu ya mpira: nikaanza kucheza vizuri zaidi. Nisingeweza tena kumkimbiza mtu, kwa hiyo ilinibidi nijue mapema anakokwenda. Yote niliyokuwa nimeambiwa na mwalimu na kuonyeshwa na namba nne yakaingia akilini mara moja. Lakini nilibakiwa na muda mfupi wa kuyatumia.

Beki hukomaa akiwa amechelewa, ndiyo maana mwili wake ni akiba. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kurudi fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu Lagos 1980, mabao mawili kati ya matatu yalitoka kwa Erasto Nyoni na Aggrey Morris, watu waliozoea kazi ya kuzuia. Morris alikuwa na miaka 35. Wengi niliocheza nao walishatundika daluga wakiwa hawajafika hata thelathini, na si kwa kukosa kipaji. Basi lala mapema, kunywa maji, na mwambie daktari ukweli hata kama mpinzani wako wa namba amekaa pembeni anasikiliza.

Na ukiwa bado unacheza, anza kusoma kitu kingine. Ukitundika daluga, simu hunyamaza haraka kuliko unavyodhani, na waliokuwa wakikulilia kwa jina la utani wanapata mwingine wa kumshangilia. Mimi nililiahirisha hilo nalo. Nilipoamua kusomea leseni ya awali ya ukocha, nilikaa dawati moja na vijana niliowahi kuwafundisha kupiga vichwa, na mtihani ulipokuja wakanipita wote.